Vita kwa Tangazo: Sitiari ya Raia, Tasfida ya Dola na Lugha ya Katiba kutoka Kambi ya Simba hadi Ngorongoro

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kauli iliyozoeleka katika mijadala ya siasa ya Tanzania, kwamba serikali inapoikiuka Katiba huwa inawapiga vita raia wake. Hayaichukui kauli hiyo kama ukweli wa moja kwa moja, wala hayaitupi kama chuku. Yanaisoma kama sitiari na kuipima kwa matini za aina tatu: riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Dunia Uwanja wa Fujo (1975), shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake, lililoanzia Kambi ya Simba, Karatu, na kuamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994, na lugha ya uhamishaji wa wakazi wa Ngorongoro kati ya mwaka 2022 na 2024. Hoja kuu ni kwamba kinachoipa sitiari ya vita uhalali si wingi wa silaha bali kuondolewa kwa mwamuzi kati ya dola na raia. Kwa hiyo, raia anayekwenda mahakamani akiwa na Katiba mkononi anaitumia sitiari hiyo na papo hapo kuikataa.

1.0 Utangulizi

Barabara ya lami itokayo Karatu mjini hupanda taratibu katikati ya mashamba ya ngano, mahindi na vitunguu hadi lango la Lodoare, mahali ambapo Hifadhi ya Ngorongoro huanza. Kwa mtalii, lango hilo ni kituo cha kulipia kiingilio. Kwa mwanafunzi wa lugha, eneo linalolizunguka ni mojawapo ya maeneo adimu barani Afrika: Kiiraqw, Kidatooga, Kimaa, Kihadza na lugha za Kibantu vyote husikika katika mwendo wa siku moja. Kwa wakazi wenyewe, kuna lugha nyingine inayowaunganisha, nayo ni Kiswahili cha dola: Kiswahili cha amri, cha mkutano wa mkuu wa wilaya, cha bango la mpaka na cha Gazeti la Serikali.

Makala haya yanakihusu Kiswahili hicho. Uhakiki wetu umezoea zaidi kuisoma sitiari katika ushairi, riwaya na tamthilia. Mara chache tumeifuata katika hati zinazoamua mtu alale wapi. Hali hiyo ni ya kusikitisha, kwa kuwa katika hati hizo ndimo tamathali za usemi hugeuka kuwa nguvu: neno moja likichaguliwa badala ya jingine, kijiji hubaki au hufutwa.

Kauli ninayoihakiki ni ile isemayo kwamba serikali inayotenda kinyume cha Katiba inawapiga vita wananchi. Husemwa majukwaani, huandikwa magazetini na hurudiwa vijiweni. Wapo wanaoiona kama uchochezi, na wapo wanaoiona kama maelezo sahili ya kilichotokea. Pande zote mbili hukosea kwa namna moja: hazijajiuliza neno “vita” linafanya kazi gani ndani ya sentensi hiyo.

2.0 Kupiga vita na kupigana vita

Tuanze na sarufi. Kiswahili kina namna mbili kuu za kuunganisha kitenzi “piga” na nomino “vita”. Namna ya kwanza ni “kupigana vita”, yenye kiambishi cha utendeano -an-. Hapa kuna pande mbili zinazotambuana. Kila upande una uwezo wa kutenda, hata kama mmoja ni dhaifu. Namna ya pili ni “kupiga vita”, isiyo na utendeano. Hii hutumika pale kitu kinapokusudiwa kutokomezwa: tunapiga vita rushwa, tunapiga vita malaria, tunapiga vita ujinga. Rushwa haipigani nasi, na malaria haitumi wajumbe wa kufanya suluhu. Mtendwa katika muundo huu hana sauti.

Raia wa Tanzania anapolalamika hasemi kwamba serikali inapigana naye vita. Husema “wanatupiga vita” au “tunapigwa vita”. Anajua, kwa umilisi wa lugha yake tu, kwamba hayumo katika mapigano ya pande mbili. Amewekwa katika nafasi ya kisarufi ambayo kwa kawaida hukaliwa na ugonjwa na uovu. Tena, katika matumizi ya kila siku, mtu husema mwenzake kazini “anampiga vita” bila ngumi wala risasi kuhusika. Maana yake ni kwamba ananyimwa nafasi, taarifa zake zinafichwa, na jina lake linaondolewa kwenye orodha. Kwa hiyo wanaodai kwamba sitiari hii ni chuku kwa sababu hakuna mizinga wanaisoma kwa kamusi isiyo ya Kiswahili. Nahau yenyewe haikudai mizinga.

Hata hivyo, Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalitumia neno hilo kwa maana finyu. Ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza hali ya vita kati ya Jamhuri ya Muungano na nchi nyingine. Inamtaka apeleke nakala ya tangazo lake kwa Spika, na Bunge liitishwe ndani ya siku kumi na nne ili liamue kama litaliunga mkono. Katika mantiki ya ibara hiyo, adui yuko nje ya mpaka. Hakuna nafasi ambamo raia anaweza kuwekwa kama upande wa pili wa vita. Sitiari inazaliwa hapo hapo: raia analeta neno “vita” mahali ambapo Katiba haikulitarajia, ili ataje jambo ambalo sheria haikulipa jina.

Wazo hili lina historia nje ya Afrika Mashariki pia. John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alishikilia kwamba mtu atumiaye nguvu dhidi ya mwingine bila haki humwingiza katika hali ya vita, na kwamba mtawala hana msamaha wa pekee katika jambo hilo. Jambo lenye manufaa zaidi kwetu ni sharti aliloliweka: hali ya vita hushamiri pale ambapo hakuna mwamuzi wa kukimbiliwa. Panapokuwa na hakimu aliye tayari kusikiliza, ugomvi hubaki ugomvi. Nitalitumia sharti hilo kama kipimo, si kwa sababu Locke ni mamlaka juu ya Kiswahili, bali kwa sababu, kama itakavyoonekana, wakulima wa Karatu walifikia mantiki hiyo hiyo kwa njia yao wenyewe.

3.0 Dola na msamiati wa kijeshi

Hakuna haja ya kuwashangaa raia kwa kulitumia neno “vita”. Walifundishwa na dola. Tangu uhuru, maendeleo yalisimuliwa kama vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Sitiari hiyo ilikuwa na heshima yake, kwa kuwa ilimweka raia upande wa askari na si upande wa adui. Lakini ilikuwa na hatari iliyojificha. Umaskini hauna mwili; hukaa ndani ya watu maskini. Ni hatua fupi tu kutoka kuupiga vita umaskini hadi kuipiga vita namna ya maisha ya watu wanaoitwa maskini.

Hatua hiyo inaonekana katika neno “operesheni”. Mwezi Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Utekelezaji wake uliitwa Operesheni Vijiji. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa ridhaa na wengine kwa kubebwa na mali zao katika malori huku nyumba zao zikibomolewa. Neno lenyewe ni la jeshi na la hospitali: kamanda huongoza operesheni, daktari hufanya operesheni. Katika maana zote mbili, anayefanyiwa hatakiwi kutikisika.

Miaka 40 baadaye, Oktoba 2013, ilianzishwa Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Lengo lake halikuwa na ubishi, kwa sababu tembo walikuwa wakiuawa kwa kasi ya kutisha. Lakini malalamiko ya mateso, vifo na uporaji wa mifugo yaliyofikishwa bungeni yalikuwa mazito kiasi kwamba, Desemba mwaka huo huo, mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Kitenzi “tokomeza” kilikosa yambwa: kutokomeza nini, au nani? Pale sentensi isipomtaja mtendwa, askari aliyeko porini humjaza mwenyewe.

4.0 Tumaini bila mwamuzi

Fasihi ya Kiswahili iliiona hatari hii mapema. Katika Gamba la Nyoka (1979), Kezilahabi anawaonesha wanakijiji wanaopinga kuhamishwa na dola inayowajibu kwa nguvu. Lakini riwaya inayotufaa zaidi hapa ni Dunia Uwanja wa Fujo, iliyotoka mwaka 1975, wakati Operesheni Vijiji ikiendelea. Mhusika wake mkuu, Tumaini, baada ya ujana wa ubadhirifu anajijenga upya kama mkulima mkubwa. Siasa ya Ujamaa inapolifikia shamba lake, anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Wahakiki wamekuwa wakilihusisha tukio hilo na mauaji ya Isimani ya tarehe 25 Desemba 1971, ambapo Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima, na mkulima huyo akahukumiwa kunyongwa.

Usomaji uliozoeleka humtazama Tumaini kama bepari anayekataa mabadiliko, au kama kiumbe wa udhanaishi anayeshindwa kupata maana katika ulimwengu wa fujo. Masomo yote mawili yana msingi. Tumaini si mkulima mdogo, na mali yake imejengwa kwa jasho la vibarua. Kumfanya shujaa wa haki za wanyonge ni kuipotosha riwaya. Lakini kuna jambo ambalo masomo hayo hayakulitilia mkazo. Katika ulimwengu wa Tumaini hakuna mtu ambaye anaweza kumweleza kwamba ananyang’anywa isivyo halali na mtu huyo akawa na mamlaka ya kuamua. Sheria inamfikia kwa njia moja tu: kama mshtakiwa wa mauaji. Dola inayoweza kumnyonga haina kiti cha kumsikilizia.

Ombwe hilo halitokani na ubunifu wa mwandishi pekee. Lilikuwa hali halisi ya kikatiba. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 na Katiba ya mwaka 1977 ilipoanza hazikuwa na hati ya haki za binadamu yenye nguvu ya kisheria. Hati hiyo iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na wananchi wakaanza kuweza kuidai mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1975 hapakuwa na ibara ambayo Tumaini angeinyoshea kidole. Kwa kipimo tulichokichagua, riwaya inachora hali ya vita kwa usahihi: si kwa sababu damu inamwagika, bali kwa sababu hakuna mwamuzi, na kwa sababu hakuna mwamuzi, damu inamwagika. Jina la mhusika linabeba kejeli hiyo bila kuhitaji msaada wa mhakiki.

5.0 Shamba la Kambi ya Simba

Sasa tuitazame matini ya pili, ambayo si riwaya ingawa ina mgogoro, wahusika na kilele. Kambi ya Simba ni kijiji cha Mbulumbulu, kwenye nyanda za juu za Karatu, eneo ambalo wakati huo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Wakati wa Operesheni Vijiji, Lohay Akonaay alipoteza ardhi aliyokuwa akiimiliki kwa mila. Mwaka 1987 aliidai katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha, akashinda, akarudishiwa. Rufaa ilikuwa bado haijasikilizwa pale Bunge lilipotunga Sheria Na. 22 ya mwaka 1992 kuhusu umiliki wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa. Sheria hiyo ilizifuta haki za ardhi za kimila katika vijiji hivyo, ikazuia fidia, ikazikataza mahakama za kawaida kusikiliza madai ya aina hiyo na ikayakatisha mashauri yaliyokuwa yakiendelea.

Tuisome sheria hiyo kama wahakiki. Mpangilio wake unafuata hatua nne za kijeshi: kutwaa, kukataa kulipa, kufunga njia ya kutorokea na kuwaondoa mashahidi. Hatua ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mtu anayechukua shamba langu amenidhulumu. Lakini anayechukua shamba langu kisha akapitisha sheria kwamba hakimu asinisikilize amebadilisha aina ya uhusiano uliopo kati yetu. Ameondoa mwamuzi. Hapo nahau ya “kupigwa vita” inaacha kuwa mapambo.

Baba na mwanawe walilipeleka suala hilo Mahakama Kuu Arusha kwa kutumia Ibara ya 30 na Ibara ya 26 za Katiba. Hii ya pili humpa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Walishinda. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 21 Desemba 1994, Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba kumnyang’anya mtu mali hiyo bila fidia ya haki ni kinyume cha Katiba. Vifungu vilivyonyima fidia na vilivyofunga milango ya mahakama vilibatilishwa.

Kipengele cha hukumu hiyo kinachomhusu zaidi mwanafasihi ni namna Jaji Mkuu alivyokabiliana na hoja kwamba mmiliki wa kimila hana mali yoyote ardhini. Alionesha kwamba hoja hiyo ikikubaliwa, wakazi wengi wa Tanzania Bara watakuwa hawana tofauti na wavamizi katika nchi yao wenyewe. Hapa jaji anafanya kazi ya mhakiki. Anaichukua istilahi kavu ya sheria, anaifuata hadi mwisho wake, na kuonesha picha inayoficha: mwenyeji aliyegeuzwa mvamizi. Kisha anaikataa picha hiyo si kwa kuleta picha nyingine, bali kwa kulitumia neno sahili kuliko yote, “mali”.

Tofauti kati ya Tumaini na wadai wa Kambi ya Simba, basi, si ya tabia wala ya tabaka peke yake. Wote waliguswa na siasa ile ile ya ardhi. Mmoja, katika riwaya ya mwaka 1975, alibaki na silaha. Wengine, miaka ya 1990, walikuwa na ibara. Kwa kwenda mahakamani walikuwa wanasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba wamepigwa vita, na kwamba wao hawatapigana vita.

6.0 Ngorongoro na tasfida ya hiari

Kutoka Kambi ya Simba, tuvuke lango la Lodoare. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye kilomita za mraba 8,292, lilianzishwa mwaka 1959 baada ya Wamasai kuondolewa katika sehemu iliyobaki kuwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Gavana Richard Turnbull aliwaahidi viongozi wao mwaka huo kwamba masilahi ya watu na ya wanyama yakigongana, ya watu yatatangulizwa. Kwa takwimu zinazotajwa na serikali, wakazi wameongezeka kutoka takriban 8,000 wakati huo hadi zaidi ya 100,000. Hoja kwamba ongezeko hilo linaielemea hifadhi si hoja ya kupuuzwa, na mhakiki anayeipuuza hujidhoofisha. Swali la makala haya si kama hifadhi ilindwe, bali ni kwa lugha gani na kwa utaratibu gani.

Kuanzia mwaka 2022, serikali iliendesha mpango wa kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Neno kuu la mpango huo lilikuwa “kwa hiari”. Tulitazame kwa makini. Kitenzi “hama” humfanya anayeondoka kuwa mtenda. “Hamisha” humleta mtenda mwingine. “Hamishwa” humfanya mkazi kuwa mtendwa na kuficha aliyetenda. Kauli rasmi ilichagua “wanaohama kwa hiari”, yaani umbo la kwanza likiongezewa kielezi. Lakini Kiswahili hakiongezi “kwa hiari” pasipo na shaka. Hatusemi kwamba mtu amekula chakula chake cha mchana kwa hiari. Kielezi hicho kinaitikia shtaka ambalo sentensi haikulitaja. Ni tasfida inayojishtaki.

Yapo pia masharti ya maana ya neno hilo. Hiari hudai uwezekano wa kubaki. Wakazi walilalamika kwamba fedha na huduma za afya na elimu zilipunguzwa ili kubaki kuwe kugumu, na shirika la Human Rights Watch lilieleza malalamiko ya aina hiyo katika ripoti yake ya Julai 2024. Serikali ilikanusha kumlazimisha mtu yeyote. Hatuhitaji kuumaliza ubishi huo hapa ili tuone kinachogombaniwa: pande zote mbili zinalitumia neno moja, na tofauti yao ni kama mtu aliyefungiwa zahanati ana hiari ya kuhama au ana ulazima uliopewa jina zuri.

Loliondo, kaskazini mwa wilaya hiyo hiyo, lugha haikuwa na ulaini huo. Juni 2022 vikosi vya usalama viliingia kusimika vigingi vya mpaka vilivyotenga kilomita za mraba 1,500 za ardhi ya malisho kuwa eneo la uhifadhi la Pololeti. Katika vurugu zilizofuata askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wakazi kadhaa wakajeruhiwa, na wengine wakakimbilia Kenya. Hapo kulikuwa na mtutu na mshale, na ni rahisi kusema kwamba hivyo ndivyo vita. Lakini Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ilipolichunguza tangazo la kulitenga eneo la Pololeti, kasoro iliyoiona haikuwa ya risasi. Ilikuwa kwamba wananchi walioathirika hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Kosa lilitangulia silaha. Lilikuwa ni kutosikiliza.

Kisha likaja Tangazo la Serikali Na. 673 la tarehe 2 Agosti 2024, lililotolewa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kwa tangazo hilo, kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro viliondolewa katika orodha ya maeneo ya utawala, miezi michache kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Hakuna aliyepigwa kwa tangazo hilo. Hakuna nyumba iliyochomwa. Lakini mkazi wa kijiji kilichofutwa hana mwenyekiti wa kumchagua, hana muhuri wa kuthibitisha makazi, na hana mkutano mkuu wa kijiji ambamo ardhi yake hujadiliwa. Wahenga walisema vita havina macho. Tangazo hili lilikuwa na macho: lilitaja kijiji kimoja baada ya kingine.

Hapa neno “tangazo” linatupa kejeli ambayo mtunzi wa riwaya angeionea wivu. Ili Rais atangaze vita dhidi ya nchi ya kigeni, Katiba inadai Bunge liitwe na lipige kura ndani ya muda maalumu. Ili jumuiya za watu zaidi ya laki moja zifutwe kwenye ramani ya utawala, ilitosha saini ya waziri na ukurasa wa Gazeti la Serikali. Adui wa nje amezungushiwa taratibu nyingi kuliko raia wa ndani. Kama kuna hoja moja inayoipa uhalali sitiari ya raia, basi ni hiyo.

7.0 Mipaka ya sitiari

Hata hivyo, kilichofuata kinatulazimisha kuipunguza kasi hoja yetu. Katikati ya Agosti 2024 maelfu ya wakazi, wengi wakiwa wamevaa lubega, walijitokeza kando ya barabara kuu ya watalii kwa siku kadhaa. Hawakuteka lango, wala hawakujitangaza kuwa jeshi. Tarehe 22 Agosti, kwa maombi ya mkazi mmoja, Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wa tangazo hilo. Siku iliyofuata Waziri William Lukuvi alifika na kuwaambia wakazi kwamba huduma zao na haki yao ya kupiga kura vitaendelea. Uchaguzi wa Novemba ulifanyika katika vijiji vile vile vilivyokuwa vimefutwa. Mwezi uliofuata, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kukutana na viongozi wa Kimasai jijini Arusha, ilielezwa kwamba zitaundwa tume mbili, moja kuhusu ardhi na nyingine kuhusu zoezi la kuhama.

Je, vita gani hivi vinavyosimamishwa na hakimu? Hapo ndipo sitiari inapofikia mpaka wake. Tukishikilia kwamba kila ukiukwaji wa Katiba ni vita, tunakubali bila kujua mambo mawili. Kwanza, tunamkubalia mtawala nafasi ya adui, na adui hadaiwi uwajibikaji. Hushindwa au hushinda. Pili, tunamfungulia mtawala mlango wa kujibu kwa msamiati ule ule: kama ni vita, basi waandamanaji ni wapiganaji, na mlalamikaji ni mchochezi. Sitiari iliyokusudiwa kumlinda raia hugeuka hati ya kumkamata.

Yapo maoni kwamba tuachane kabisa na neno hili na kutumia istilahi za kisheria pekee: ukiukwaji, ubatili, kukosa mamlaka. Sikubaliani nayo. Istilahi hizo ni za lazima mahakamani, lakini hazisemi jinsi inavyohisiwa kuamka ukakuta kijiji chako hakipo. “Tangazo limetolewa bila kufuata utaratibu” na “tunapigwa vita” ni sentensi mbili kuhusu jambo moja. Ya kwanza inaelekezwa kwa hakimu. Ya pili inaelekezwa kwa jirani. Jamii inayobaki na ya kwanza tu huwa na mawakili wasio na umma nyuma yao. Inayobaki na ya pili tu huwa na akina Tumaini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mgogoro wa ardhi wa Karatu na Ngorongoro ni pia mgogoro wa lugha tatu. Dola huzungumza kwa tasfida: operesheni, hiari, uboreshaji. Raia hujibu kwa sitiari: tunapigwa vita. Katiba, pale inapopata msomaji jasiri, huzungumza kwa maneno sahili: mali, fidia, kusikilizwa. Lugha hii ya tatu ndiyo pekee ambayo pande zote mbili zimekiri kuifahamu, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiswahili na imeapiwa na kila aliyeshika madaraka.

Kwa uhakiki wa Kiswahili kuna wajibu unaotokana na hayo. Matangazo ya serikali, amri na hukumu ni matini. Vina mtenda aliyefichwa, vielezi vinavyojishtaki na vitenzi visivyo na yambwa. Wanafunzi wetu wanaoweza kuchambua kejeli ya jina la Tumaini wana uwezo kamili wa kuchambua kielezi “kwa hiari”, na pengine wakazi wa Msomera na wa Endulen wanawahitaji kwa kazi hiyo kuliko wanavyowahitaji kwa nyingine.

Mwisho, turudi kwenye kipimo. Dola haiwapigi vita raia wake kila inapokosea. Serikali zote hukosea, na nyingine hurekebisha. Huwapiga vita inapofanya makosa yake yasiweze kusikilizwa: inapofunga mlango wa mahakama kama mwaka 1992, au inapolifuta jina la kijiji ambacho kingepeleka malalamiko. Wadai wa Kambi ya Simba waliujaribu mlango huo wakaukuta unafunguka. Miaka 30 baadaye mkazi wa Ngorongoro aliubisha tena. Ilimradi mlango huo ungali unaitika, neno “vita” litabaki kuwa sitiari, nasi tutakuwa na nafasi ya kulihakiki.